Nguvu Bila Kipimo ni Kelele: Namna ya Kupunguza Mpotoko katika Mitambo ya Redio

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na kila kilima kimepewa kazi yake. Makerere ni kilima cha elimu, Mulago ni kilima cha tiba, Rubaga na Namirembe ni vilima vya ibada, na Kololo kimebeba minara ya redio na televisheni. Bondeni, baina ya Makerere na Mulago, kandokando ya Barabara ya Bombo, ndipo ulipo mtaa wa Wandegeya. Jina la mtaa huo lasemekana limetokana na endegeya, wale ndege wadogo wafumao viota ambao wakikusanyika katika mti mmoja hawamwachi mtu asikie lake. Siku hizi zogo la Wandegeya ni la namna nyingine: magari, wapishi wa rolex, vibanda vya kunakili karatasi za wanafunzi, na juu ya yote hayo, redio.

Katika mtaa kama huo redio haizimwi. Kinyozi anayo, mwenye duka anayo, mkaanga chapati anayo, na dereva wa teksi anayo. Basi si ajabu kumsikia mtu akilalamika kwamba stesheni aipendayo inakoroma, au kwamba kila akiitafuta anakuta nyingine imeketi juu yake. Huichukua redio yake akaipeleka kwa fundi. Fundi huifungua, hupuliza vumbi, hulehemu upya nyaya mbili tatu, pengine hubadilisha spika. Redio hurudi nyumbani, na mkoromo hurudi nayo. Mara nyingine redio hiyo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kilimani, ndani ya mtambo unaorusha matangazo.

Tumeona vyema kulieleza kosa hilo kwa kirefu, kwa sababu wako watu wengi, wakiwamo baadhi ya wenye stesheni, wanaodhani kwamba dawa ya matangazo mabaya ni kuongeza nguvu ya mtambo. Dhana hiyo ina madhara. Mtambo unaolazimishwa kupita kipimo chake humuudhi msikilizaji wake, humwonea jirani yake, na waweza hata kuingilia masafa yanayotumiwa na ndege zinazoshuka Entebbe.

SOMO LA MASHINE YA KUNAKILI

Sauti ya mtangazaji inapotoka studio huwa ni umeme dhaifu mno. Ili ifike Mukono au Mpigi, hupandishwa juu ya wimbi la redio, kisha wimbi hilo hupitishwa katika vikuza, kimoja baada ya kingine, mpaka liwe na nguvu ya wati mamia au maelfu. Kazi ya kikuza ni moja: kutoa kile kilichoingia, kikiwa kikubwa zaidi, bila kubadili umbo lake. Umbo likibadilika, huko ndiko kupotoka kwa wimbi, au kwa neno moja, mpotoko.

Mfano mwema uko Wandegeya kwenyewe. Mwanafunzi akitaka ukurasa wa kitabu ukuzwe, huupeleka kwenye kibanda cha kunakili. Ukikuzwa kwa kiasi, maandishi yote huonekana. Ukikuzwa kupita ukubwa wa karatasi, kingo hukatwa na maneno ya pembeni hupotea. Mashine haikuharibika, imetakiwa kutoa zaidi ya karatasi iliyo nayo. Transista ya mtambo wa redio, au vali kwa mitambo ya zamani, iko vivyo hivyo. Ina dari, ambayo ni kiasi cha umeme inaopewa, na ina sakafu, ambapo haipitishi kitu. Wimbi likiwa kubwa mno, vilele vyake hugonga dari vikakatwa na kuwa bapa.

Mtu atauliza: kwa nini basi kila mtambo usijengwe na dari ya juu sana, wimbi likapita katikati bila kugusa popote? Jibu ni gharama. Kikuza cha namna hiyo, ambacho wahandisi hukiita cha daraja A, hutoa wimbi safi, lakini hata katika hali iliyo bora kabisa hakiwezi kugeuza zaidi ya nusu ya umeme wake kuwa mawimbi. Unaobaki wote huwa joto. Katika daraja B, transista mbili hupokezana, moja ikikuza nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Hapo yaweza kufikiwa asilimia 78, lakini mahali pa kupokezana wimbi huchubuka. Daraja C hupitisha kipande kidogo tu cha wimbi na kuokoa umeme mwingi zaidi, bali kinachotoka kimekatwakatwa. Kwa hiyo mhandisi husimama daima baina ya mambo mawili yanayovutana, yaani usafi wa wimbi na bili ya umeme. Kwa stesheni inayolazimika kununua dizeli ya jenereta kila umeme unapokatika, mvutano huo si wa vitabuni.

MADHARA YA NDANI NA MADHARA YA NJE

Yafaa tutofautishe madhara ya aina mbili. Ya kwanza humpata msikilizaji wa stesheni yenyewe. Wazee wanaokumbuka Redio Uganda katika masafa mafupi, kwa mfano kilohezi 4976, walikuwa wakisikiliza matangazo ambamo sauti hubebwa na ukubwa wa wimbi. Katika matangazo ya namna hiyo, kilele cha wimbi kikikatwa, sauti yenyewe imekatwa. Katika FM, ambayo ndiyo imejaa Kampala leo, sauti hubebwa na kuyumba kwa masafa, na ukubwa wa wimbi haubadiliki. Ndiyo maana mtambo wa FM waweza kutumia daraja C bila maneno kuharibika.

Hata hivyo, FM nayo ina mpaka wake. Masafa hayapaswi kuyumba zaidi ya kilohezi 75 kila upande. Mwenye stesheni anayetaka asikike kwa kishindo kuliko wenziwe, akapandisha sauti kupita mpaka huo, huleta mkwaruzo katika redio za wasikilizaji wake na humwagikia stesheni iliyo jirani katika masafa.

Madhara ya pili hutoka nje ya stesheni, nayo ndiyo makubwa zaidi. Wimbi lililokatwa huzaa mawimbi mengine ambayo masafa yake ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya lile la asili. Hayo huitwa harmoniki. Stesheni iliyo katika megahezi 90 huzaa wimbi la megahezi 180, na la megahezi 270, na kuendelea. Kwa kuwa redio za FM ziko kati ya megahezi 88 na 108, harmoniki zao za pili huangukia kati ya 176 na 216, yaani ndani ya eneo lililotengewa televisheni, ambalo ni megahezi 174 hadi 230.

Tena kuna mawimbi mchanganyiko. Tuchukue mfano wa stesheni mbili katika kilima kimoja, moja ikiwa katika megahezi 106 na ya pili katika megahezi 101. Wimbi la hii ya pili huingia katika antena ya ile ya kwanza, likateremka kwa waya hadi kwenye kikuza chake cha mwisho. Humo hukutana na wimbi la mwenyeji. Kikuza kisichonyooka huyachanganya hayo mawili, kikatoa la tatu: mara mbili ya 106 ukitoa 101, yaani megahezi 111. Hakuna aliyepewa leseni ya wimbi hilo, hakuna studio inayolitangaza, na hakuna aliyelitaka. Lakini lipo hewani, na limebeba sauti za stesheni zote mbili zikiwa zimevurugana.

Sasa tutazame megahezi 111 ni mahali gani. Masafa kati ya megahezi 108 na 112 yametengwa kwa chombo kinachomwongoza rubani afuate mstari wa katikati wa njia ya kutua, hata mawingu yakiwa yametanda na ardhi haionekani. Juu yake, kuanzia 118 hadi 137, ndimo rubani na mwongoza ndege wanamozungumza. Uwanja wa Entebbe uko kilomita 40 hivi kutoka Kampala, na ndege zinazokuja kushuka huko ziko juu, mahali ambapo hakuna kilima wala jengo linalozikinga na mawimbi ya mji. Redio ya mkaanga chapati ikikoroma, hasara ni ya wimbo mmoja. Kipokezi cha rubani kikikoroma, hasara haipimiki. Ndiyo sababu Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limetoa waraka maalumu wa mapendekezo juu ya jambo hilo moja la redio za FM na vyombo vya urubani.

Jambo hili limepata uzito mpya Uganda katika miongo iliyopita. Kwa karibu miaka 40 tangu miaka ya 1950, utangazaji ulikuwa mikononi mwa serikali peke yake, na mitambo ilikuwa michache. Mwaka 1993 Redio Sanyu ilifungua mlango wa stesheni za binafsi, na leo stesheni za FM nchini zimezidi 200. Eneo zima la FM lina megahezi 20 tu. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ndiyo inayogawa masafa hayo. Tume yaweza kumpimia kila mmoja kiwanja chake. Lakini mtambo wenye mpotoko huruka ua na kwenda kulala katika kiwanja cha mtu.

DAWA YA KWANZA NI KIASI

Dawa iliyo rahisi kuliko zote haihitaji kifaa kipya. Ni kupunguza nguvu. Kwa vikuza ambavyo lazima vihifadhi ukubwa wa wimbi, kanuni ni hii: ukipunguza nguvu ya mtambo kwa nusu, yale mawimbi mchanganyiko tuliyoyataja hupungua mpaka kubaki sehemu moja ya nane. Yaani mpotoko hukimbia upesi kuliko wimbi lenyewe.

Je, msikilizaji atapata hasara gani kwa kupunguziwa nusu hiyo? Ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nguvu ya mtambo ikizidishwa maradufu, wimbi linalofika kwenye eriali ya msikilizaji huongezeka kwa asilimia 41 tu, na ikipunguzwa nusu hushuka kwa kadiri hiyo hiyo ya udogo. Antena iliyowekwa juu zaidi, iliyokazwa vizuri na yenye waya mzima, humfaa msikilizaji wa mbali kuliko kikuza kinachopiga kelele. Mwenye stesheni anayenunua wati badala ya antena hununua joto.

DAWA YA PILI NI MREJESHO

Kiasi peke yake hakitoshi, na historia ya dawa ya pili inastahili kusimuliwa. Katika miaka ya 1920 kampuni za simu za Marekani zilitaka kupeleka mazungumzo mengi kwa waya mmoja kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine. Kila baada ya maili kadhaa palihitajika kikuza. Kila kikuza kiliongeza mpotoko wake juu ya mpotoko wa vilivyotangulia. Mtu yeyote wa Wandegeya aliyepata kusoma nakala ya nakala ya nakala ya kitabu anajua mwisho wake: herufi huwa madoa.

Harold Black, mhandisi wa Bell Telephone Laboratories mwenye umri wa miaka 29, alihangaika na tatizo hilo kwa miaka kadhaa. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akiwa katika kivuko akivuka Mto Hudson kwenda kazini New York, alipata wazo, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Wazo lenyewe lilikuwa hili: chukua sehemu ndogo ya kile kinachotoka katika kikuza, uirudishe mlangoni ikiwa imegeuzwa kinyume, ilinganishwe na kile kinachoingia. Palipo na tofauti, tofauti hiyo ndiyo kosa la kikuza, na kikuza hulazimika kujisahihisha chenyewe. Ni kama mpishi anayeonja mchuzi ungali jikoni: chumvi ikipungua, huongeza kabla chakula hakijafika mezani.

Bei ya dawa hiyo ni ukuzaji. Ukitaka mpotoko upungue mara 10, kikuza nacho hupoteza ukuzaji mara 10, na huna budi kuongeza kikuza kingine nyuma yake. Black aliona kwamba bei hiyo ni nafuu. Desemba ya mwaka ule ule jaribio lake lilipunguza mpotoko mara 100,000. Hata hivyo, hati ya uvumbuzi hakuipata hadi Desemba 1937, miaka kumi baadaye, kwa kuwa wakaguzi hawakuamini kwamba kitu cha namna hiyo chaweza kufanya kazi.

Katika mitambo ya redio, mrejesho hukutana na kikwazo cha muda. Wimbi la megahezi 100 humaliza mzunguko mmoja kwa sehemu 10 za bilioni za sekunde. Umeme ukipita katika waya wa mita moja huchukua kiasi cha sehemu tano za bilioni, yaani nusu nzima ya mzunguko. Kwa hiyo kinachorudishwa kinyume hufika kimekwisha kugeuka kuwa sawa, na badala ya kusahihisha, huchochea. Kikuza huanza kupiga mluzi chenyewe. Mafundi walilikwepa hilo kwa kutorudisha wimbi zima. Katika mitambo ya masafa mafupi na ya kati, huichambua sauti iliyo juu ya wimbi linalotoka, wakairudisha sauti hiyo peke yake, kwani hiyo huenda polepole. Mwaka 1983 V. Petrovic alieleza namna ya kulichambua wimbi katika sehemu zake mbili, kuzirudisha zote mbili na kuzisahihisha kila moja kwa upande wake. Njia hiyo ilikuja kutumika katika redio za kisasa za mkononi, kama zile zinazotumiwa na polisi na zimamoto katika nchi nyingi.

DAWA YA TATU NI KUTANGULIA KOSA

Fundi cherehani mzoefu akijua kwamba kitambaa fulani hurudi kikifuliwa, hukikata kikiwa kipana kidogo. Nguo ikifuliwa, humkaa mteja sawasawa. Dawa ya tatu ni ya akili hiyo hiyo. Mhandisi hupima namna kikuza chake kinavyobana vilele vya wimbi, kisha hulipotosha wimbi kinyume kabla halijaingia, vilele vikirefushwa kwa kadiri ile ile vitakavyobanwa. Makosa mawili yanayopingana hufutana, na linalotoka ni wimbi lililonyooka.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa diodi chache, na kwa kuwa tabia ya transista hubadilika kwa joto na kwa umri, usahihi ulipotea upesi. Leo hufanywa kwa hesabu za kompyuta ndogo iliyo ndani ya mtambo. Kompyuta huonja kinachotoka, hukilinganisha na kilichokusudiwa, na kuandika upya jedwali lake la masahihisho kila wakati mtambo unapofanya kazi.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa hata asiyesikiliza redio. Juni 2015 televisheni ya analogia ilizimwa Kampala na dijiti ikashika nafasi yake. Televisheni ya dijiti, pamoja na mitandao ya kisasa ya simu, hutuma maelfu au mamia ya mawimbi madogo kwa wakati mmoja. Kuna nyakati mawimbi hayo huinuka yote pamoja, na kilele chake chaweza kufika mara kumi ya wastani. Kikuza kisichonyooka hukikata kilele hicho, na hapo picha huganda au simu hukatika. Kwa hiyo mitambo hiyo haiwezi kuishi bila dawa ya tatu. Nyingi kati yake huiunganisha na uvumbuzi wa mwaka 1936 wa William Doherty, mhandisi mwingine wa Bell, aliyetumia vikuza viwili: kimoja hubeba kazi ya kila wakati, cha pili huamka tu kilele kinapokuja. Kwa njia hiyo umeme huokolewa, na usafi wa wimbi hulindwa na masahihisho ya kompyuta.

VICHUJIO, NAFASI, NA KUTU

Kwa mitambo ya FM ya kilimani dawa kubwa ni nyingine, nazo ni za kawaida kabisa. Ya kwanza ni kichujio kinachowekwa baina ya kikuza cha mwisho na antena, kikiruhusu wimbi la stesheni na kuzuia harmoniki. Kanuni za ITU ni kali hapa. Mtambo wa FM wa kilowati 1 hutakiwa mawimbi yake yasiyotakiwa yasizidi sehemu moja katika milioni 10 ya nguvu yake, yaani sehemu moja ya kumi ya miliwati. Asiye na kichujio hawezi kuitimiza kanuni hiyo hata angesali usiku na mchana.

Ya pili ni kuyazuia mawimbi ya jirani yasiteremke hadi kwenye kikuza. Kipo kifaa cha sumaku kinachopitisha nguvu upande mmoja tu: inayotoka hupita, inayoingia humezwa. Vipo pia vichujio vya mapipa ya shaba au alumini, vilivyopimwa kwa uangalifu kwa ajili ya stesheni moja. Na pale stesheni nyingi zinapokaa kilima kimoja, ni busara ziunganishwe katika antena moja ya ushirika yenye vifaa hivyo, kuliko kila mmoja kusimamisha mlingoti wake pua kwa pua na mwenziwe.

Ya tatu itawashangaza wengi: ni kupiga rangi na kukaza bolti. Chuma kilichoshika kutu, mahali kinapogusana na chuma kingine, hupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine, kama diodi. Mlingoti wenye bolti zilizolegea, au paa la mabati makuukuu karibu na mnara, laweza kuchanganya mawimbi na kuyarusha tena, ingawa halina transista hata moja. Mtambo waweza kuwa mpya na safi, na ubaya ukatoka kwenye mabati.

FUNDI NA MSIKILIZAJI WAFANYE NINI

Turudi kwa fundi wa mtaani na redio iliyo mezani pake. Wandegeya haiko mbali na minara ya Kololo, na mawimbi yanayofika hapo ni mazito. Kipokezi nacho kina kikuza mlangoni mwake, na kikuza hicho nacho chaweza kuelemewa kikazua mchanganyiko wa ndani ambao haumo hewani kabisa. Fundi afanyeje kutambua?

Njia ni ile ile kanuni ya kiasi. Tafuta mahali stesheni mbili zinaposikika kwa mvurugano, kisha fupisha eriali. Mchanganyiko uliozaliwa ndani ya kipokezi hupungua kwa kasi kuliko mawimbi yanayouzaa. Ukitoweka ghafla, ilhali stesheni halali iliyokuwa dhaifu kama wenyewe ingali inasikika, kosa ni la kipokezi kuelemewa, na dawa ni eriali fupi. Ukipungua sambamba na stesheni hiyo, basi wimbi hilo limo hewani kweli. Kisha ijaribiwe redio nyingine, ya aina nyingine, na katika mtaa mwingine ulio mbali na minara. Ikisema neno lile lile, fundi asimtoze mteja wake kwa kubadilisha spika. Aandike masafa, saa na mahali, na habari hiyo ifikishwe kwa Tume ya Mawasiliano.

Habari kama hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Wakaguzi wenye mitambo ya kuchambua masafa hawawezi kuwa kila mtaa kila saa. Mpotoko mwingine hutokea jioni tu, au mvua inyeshapo, au jirani mmoja anapowasha jenereta. Sikio la mtaa ndilo linaloutambua kwanza.

WAJIBU WA WATU WA KILIMANI

Yako mambo matatu tunayoyaona kuwa ya lazima. La kwanza, kila stesheni ipimwe harmoniki na mawimbi mchanganyiko wakati mtambo unapowekwa, na ipimwe tena kila kikuza, kichujio au antena inapobadilishwa, na kila jirani mpya anapohamia kilimani. Mtambo uliokuwa safi mwaka jana waweza kuchafuka leo kwa sababu ya mgeni aliyesimamisha mlingoti mita 20 kutoka hapo, na hakuna kati yao aliyefanya kosa akiwa peke yake.

La pili, mwenye stesheni amsikilize mhandisi wake. Ni rahisi kwa mkuu wa biashara kuamuru kichujio kiondolewe kwa kuwa kinameza wati chache, au sauti ipandishwe kwa kuwa mshindani anasikika kwa kishindo zaidi. Wati hizo chache zilizomezwa ndizo zilizokuwa zikienda kumsumbua mtu mwingine.

La tatu, elimu hii isikae kilimani. Makerere ilifungua Kitivo chake cha Teknolojia mwaka 1970, na tangu hapo vijana wengi wamejifunza uhandisi wa umeme mwendo wa dakika chache kutoka vibanda vya mafundi wa Wandegeya. Kijana wa chuo anajua hesabu za mrejesho. Fundi wa kibandani anajua redio 1,000 alizozifungua kwa mkono wake. Wakikaa meza moja, mwenye hesabu atajifunza mpotoko unavyosikika, na mwenye sikio atajifunza unavyopimwa. Vifaa vya kuanzia si vya anasa: redio mbili, eriali ya kufupisha na daftari.

Hewa haina ua wala hati ya kiwanja. Mkaanga chapati, mgonjwa aliyelala Mulago akisikiliza habari, na rubani aliye juu ya Ziwa Viktoria akitafuta njia ya kutua wote wanaitumia hewa moja. Mtambo unaojua kipimo chake huwaachia wote hao nafasi, na anayeusimamia hana budi kukijua kipimo hicho kabla ya kugusa kitasa cha kuongeza nguvu.